Injini Yangu Nyuma ya Geti la Kimbo

Shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa injini ya boti hakuna mtu wa kunifunza. Ile yangu kuukuu, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, nilivusha nayo watu bwawa la Masinga miaka mingi. Nikaiuza kwa ujinga wangu, na mpaka leo naiota.

Juzi nikipita mtaa wa Kimbo nikaisikia nyuma ya geti la boma moja. Inakohoa mara mbili, kisha inanguruma. Nikajua wanaijaribu ndani ya pipa la maji, vile injini ya boti hujaribiwa nchi kavu. Nikampigia Karanja, mwenzangu wa enzi za boti: "Nimeipata. Leta pikapu saa hii."

Nikabisha, na mama mwenye boma akafungua geti kidogo.

"Mama, niuzie hiyo injini."

"Si uione kwanza, guka?" akasema, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Usinifunze. Niliiendesha kabla hujazaliwa."

Karanja alipofika, mama akatupeleka kwa kibanda. Kumbe niliyoisikia ilikuwa mashine ya kukatia ng'ombe nyasi, na ng'ombe mwenyewe alikuwa pale, ananitazama akitafuna.

Karanja akavua kofia. "Kapteni," akaniuliza, "abiria ni huyu mmoja tu?"