Mwenye Jembe Kwenye Ubao wa Kichina

Mama yangu alikuwa na kisukari na kichwa kigumu, na kisukari kilikuwa afadhali. Nesi alimwonya asimeze dawa bila kula akashiba. Lakini mezani, pale tulipohamia ugenini, Joubert Park, nikigeuka tu, mnofu wake wa kuku umeshahamia kwenye sahani ya binti yangu mdogo, ambaye hata njaa hakuwa nayo. Siku moja mama alianguka kwenye robot, yaani taa za barabarani, mchana kweupe, magari yakimpigia honi. Nilimbembeleza, nikafoka, nikamtishia kumrudisha nyumbani Uvira.

"Miye nisha kushiba, papa," alinijibu, akiniita kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Nilichoka naye.

Miaka hiyo nilikuwa nakarabati fanicha kwenye karakana moja ya Doornfontein. Muuza vitu vya kale wa Kensington alituletea kitanda cha Kichina, mbao zake zimechongwa visa vya watoto waliowatunza wazazi wao. Mmoja alilala juu ya barafu iyeyuke, amvulie mama yake samaki. Mwingine, mzee mzima, alivaa nguo za kitoto akacheza ili wazazi wake wacheke. Nilizisugua mbao hizo kwa mswaki huku nasonya. Kumbe wazazi wa kila nchi hawatosheki!

Umeme ulipokatika karakanani, nilibeba ubao mmoja nikausafishie nyumbani. Mama akauinamia.

"Ule muntu anachimba nini?"

Nikaona nafasi. Nikamweleza kwamba bibi mmoja alikuwa akimpa mjukuu chakula chake, akazidi kukonda. Mwanawe akaamua kumfukia mtoto huyo akiwa hai, ili mama yake ale. Ndilo jembe hilo. Ndiye mke huyo, amempakata mtoto.

"Sasa kosa ni la nani, mama?"

Jioni ile mama alikula bugali na kuku mpaka akatafuna mfupa. Binti yangu aliponyoosha mkono kama alivyozoea, bibi yake alimpiga kikofi. Kesho yake vilevile. Kliniki wakamsifu, nami nikajisifu.

Kisha nikaona haniachii mtoto. Nikisema nampeleka dukani, naye anavaa viatu. Kulala, anamweka upande wa ukutani, yeye anakaa upande wa mlango. Uvumilivu ukaniisha.

"Mama, ni hadithi tu! Tena yule mtu alipochimba shimo alikuta dhahabu, mtoto akapona!"

Alimvuta mjukuu wake karibu.

"Ule naye alikuwa mutoto muzuri kwa mama yake," alisema. "Kama weye."