Mshumaa wa Wanadada

Marlys Oberholtzer alijiunga na umoja wa wanadada, chama cha wasichana wanaoitana dada, chuoni Ohio, Marekani, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ajili ya dansi tu, na hakuwahi kuficha hilo. Dansi ziliisha, ujana ukaenda zake, udada ukabaki. Sasa ni bibi, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye ulimi mkali. Kila kiangazi yeye na wenzake wa zamani huhamia kwenye kambi ya watoto wagonjwa sana ambayo umoja wao huichangia, wakipika tambi kwa jibini na kuosha vyombo.

Kiangazi kimoja alikuja Tillie, mtoto wa miaka minane, pamoja na mama yake. Dawa ya saratani ilikuwa imemwokoa, lakini ikamwondolea sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia. Wanadada, ambao umoja wao huwachangia pia wasiosikia vizuri, wakamnunulia vifaa vya kusaidia kusikia, naye akavitia mfukoni. "Vinapiga kelele," alisema, basi. Daktari alikuwa ameonya kwamba akizidi kukaa bila kusikia, maneno yatamponyoka. Mama yake alishachoka kubembeleza. Marlys naye alijaribu, akaambulia patupu.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, wakafanya desturi yao ya tangu chuoni. Mapazia hufungwa, taa huzimwa, nao husimama duara wakiimba polepole huku mshumaa ukipita mkono kwa mkono. Mwenye habari njema ndiye anayeupuliza. Zamani habari ilikuwa uchumba. Safari hii watoto nao waliingia duarani.

Marlys akamtazama Tillie aliyesimama kando yake. Mtoto alikuwa amekaza macho gizani, anatafuta midomo ya watu na haioni. Uso ukamwaka Marlys kwa aibu. Miaka yote hiyo wanachangia masikio ya watu, halafu wanamzimia taa mtoto anayesikia kwa macho. Akatoka duarani, akafungua mapazia yote.

"Marlys, una wazimu?" Jeanette, mwenyekiti wao, akafoka. "Tangu lini hiki kitu kikafanywa mchana kweupe?"

"Tangu leo. Imba, dada, na ufungue mdomo vizuri. Meno ya bandia hayatadondoka."

Wakacheka, wakaanza upya. Tillie akatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kisha akaweka kiganja kooni mwa Marlys. Halafu akavitoa vile vifaa mfukoni, akavivaa mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Marlys akaacha kuimba katikati ya ubeti. Hakuwahi kuona jambo kubwa kama lile, hata kanisani.

Mshumaa ukamfikia mtoto. Akaupuliza.

"Haya, dada mdogo," Jeanette akauliza kama ilivyo ada, "una habari gani?"

Tillie akawatazama wote. "Mnaimba vibaya sana," akasema.

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akaketi sakafuni na kulia.

"Rudieni," akawaambia wanadada. "Tafadhali, rudieni wimbo."