Mtu Aliyekuja Kumchukua Mke Wangu

Nilipomwoa mke wangu sikujua kwamba alikuwa mtumwa aliyetoroka. Utotoni mwake, huko upande wa Kilwa, ile ya ziwani si ya pwani, mjomba wake aliua mtu, na yeye mtoto akatolewa kwa ukoo wa marehemu kulipia damu. Aliwalimia miaka mingi, kisha akatoroka, akaja mjini Élisabethville. Haya yote niliyajua siku mtu wa ukoo ule alipotokea kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba.

Nilikuwa nimetoka zamu kwenye tanuru za shaba, nakula bukari, ugali wetu wa mahindi, nje ya nyumba. Mtu mrefu mwenye koti la kaki akasimama mbele yangu.

“Shemeki,” akasema, “nilikuya kutwala muntu yetu.”

Mke wangu alikuwa akitwanga mahindi. Akaacha. “Siko mutumwa ya muntu,” akajibu.

Yule mtu hakubishana. Alimkamata nywele, akamburuta kwenye changarawe. Mke wangu hakuuachia mchi. Alipopata kusimama, aliuzungusha kwa mikono miwili, nikasikia goti la yule mtu likivunjika. Akachomoa kisu, akamchana mke wangu mkono toka kiwiko hadi kiganja. Hapo nikamrukia. Nilimkaba koo, na sitadanganya: nilitaka afe. Polisi wa kambi walifika na rungu, wakatupiga sote bila kuuliza.

Asubuhi, kwenye apeli, wafanyakazi wakiitwa majina, nililazwa kwa kosa la kupigana, kifudifudi mbele ya wenzangu. Chikoti, ule mjeledi wa ngozi ya kiboko, ilinipasua kwa pigo la kwanza. Nilijikojolea. Kisha mzungu mkuu wa kambi akamgeukia yule mtu, aliyeshikiliwa na polisi wawili.

“Rudia kwenu. Uyu mwanamuke iko ya kampani.”

Wenzangu wakashangilia. Mke wangu, mkono umefungwa kitambaa, alikuja kuniinua.

Nyumbani alinisafisha mgongo kwa maji ya chumvi. “Ulisikia?” akaniuliza. “Anasema miye niko ya kampani.”

“Alitusaidia,” nikasema.

“Na mugongo yako? Ile pia ni musaada?”



Mkataba wangu na kampuni ulipokwisha, sikuweka tena kidole kwenye karatasi yao. Tulihama kambini, tukawa tunafyatua matofali kwa yeyote aliyelipa. Bei aliipanga mke wangu, wala hakuniruhusu kutia neno. Msimu wa baridi vidole vya mkono uliochanwa vilikataa kukunjika. Akaniachia kalibu ya matofali, yeye akakanyaga udongo kwa miguu.