Wifi Yangu Felicitas na Upande Wake wa Chakula

Wifi yangu Felicitas hajawahi kushika namba mbili darasani. Alituambia hivyo mwenyewe siku kaka yangu Elpidius alipomleta kwetu Kaisho kumtambulisha, na wala hakuringa. Alisema kama mtu anavyotaja alikozaliwa. Kwao ni Muleba, baba yake alikuwa ofisa elimu, na katika nyumba ile mtoto aliyerudi na namba mbili aliulizwa kwanza nani alikuwa namba moja. Mama yetu, Ma Kokushubira, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaninong'oneza kwa Kinyambo kwamba huyu msichana atatuchosha. Alikosea. Aliyechoka ni Felicitas.

Anafundisha hisabati sekondari, na ni mwalimu wa taaluma. Nyumbani kwake vitambaa vya kufutia vyombo vinapigwa pasi. Migomba ya kibanja chake imepandwa kwa mstari, mpaka mama akauliza kama tunalima ndizi au tunapanga wanafunzi. Mimi ambaye nguo zangu hukaa kwenye kiti hadi kiti kichoke, nilimpenda kwa kumwonea huruma.

Mtoto wao wa kwanza, Ainebyona, alikuja mapema. Wa pili hakuja. Binti alianza chekechea, akaingia darasa la kwanza, akang'oka meno ya mbele, na bado alikuwa peke yake. Mama hakuuliza kwa mdomo. Kila Jumapili alimsalimia mkwewe kuanzia tumboni, kisha akapanda taratibu hadi usoni. Felicitas alivumilia, halafu akaenda kliniki moja kule Kayanga, na huko mhudumu akamwambia apunguze uzito kidogo na afanye mazoezi kidogo, huenda ikasaidia.

Kidogo ni neno ambalo hawakumfundisha kwao.

Alianza kukimbia alfajiri, njia ya Isingiro, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde. Mwanzoni wakulima walisimama kumpisha wakidhani kuna msiba. Baadaye walimzoea. Mvua ikinyesha aliruka kamba kwenye stoo ya kahawa, na Elpidius akaamka kila siku kwa kishindo kile akidhani magunia yanaanguka. Akaacha ebitoke vya usiku. Akaacha vya mchana. Kwa watu wa hapa, mtu kuacha ndizi ni jambo la kumwita padri, lakini yeye alitueleza vizuri sana habari za wanga na kalori, na sisi tukaitikia, maana anaeleza vizuri. Maharage yakafuata. Mwishowe akawa anakula matango na karoti, na maji ya moto yenye limau, ambayo aliyanywa kwa heshima kama dawa ya kanisani.

Akienda harusini akalishwa kipande cha keki, jioni yake alikimbia tena. Nilimuuliza, "Wifi, unakimbia nini?" Akasema, "Ile keki." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuwahi kupika kama miaka ile. Alipika samaki wa kubanikwa kwa karanga, alipika nyama, alioka maandazi yanayong'aa, kisha akaketi pembeni, mikono magotini, akitutazama tunavyokula. "Ongeza, wifi," ananiambia. Msimu wa senene alinyonyoa mbawa na miguu ya beseni zima, akakaanga, akatugawia, akanawa mikono. Hakuonja hata mmoja. Elpidius akaota kitambi. Mimi nikabadilisha sketi zote. Ukoo mzima ulinenepa kwa njaa ya mtu mmoja, na tulimsifu kwamba ni mke aliyelelewa.

Serikalini walimsifu zaidi. Kwenye bonanza la watumishi alishinda mbio za wanawake, akawaacha wasichana wa miaka ishirini wakishika viuno. Ofisa mmoja akashika kipaza sauti, akasema huyu ndiye mfano wa afya, akinamama mwangalieni. Tukamwangalia. Alipanda jukwaani kuchukua kikombe huku ameshika nguzo kwa mikono yote miwili, midomo imepauka. Tukapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyepiga kikubwa.

Sasa niseme jinsi tunavyokula Jumapili kwa mama, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ebitoke na maharage vikishaiva humiminwa juu ya majani ya mgomba yaliyolazwa sakafuni, na sisi tunakaa kuzunguka. Sahani hakuna. Kila mtu ana upande wake, anachimba kuanzia mbele yake kuelekea katikati, na kugusa upande wa mwenzako ni utovu wa adabu hata kama mwenzako amesinzia. Felicitas aliamini kwamba kwenye lundo moja hakuna anayejua nani amekula nini. Alimega tonge mara chache, akapeleka mkono karibu na mdomo, akaongea, akacheka, na lile tonge likaishia mbele ya Ainebyona, ambaye alizidi kuwa mviringo.

Lakini mama amekaa mbele ya majani yale maisha yake yote. Hatazami midomo ya watu, anatazama lundo. Jumapili moja tulipokuwa tunakunja majani akanivuta jikoni.

"Mackrine, wifi yako tayari."

"Tayari nini, mama?"

"Upande wake umebaki kama mlima. Ndizi hataki, mafuta yanamchefua, na alfajiri anatoka mbio. Unadhani anakimbilia wapi? Anakwenda kutapikia mbali ili tusimsikie."

Niseme kweli, nilimwamini. Hapa kwetu mwanamke aliyeolewa akikataa chakula hakuna maelezo ya pili. Kufikia Jumatano jumuiya yote ilikuwa imeomba kwa ajili ya mimba ile, na Mama Rwegoshora wa jirani alikuwa ameleta maziwa.

Nilitegemea Felicitas akanushe, tena kwa ukali, maana ana ukali wa kutosha. Badala yake alikuja kwangu, akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wifi," akasema, "sijaona siku zangu tangu msimu wa senene."

Tulikuwa tumeshafika masika. Nilitaka kuruka.

"Nilifanya kila walichoniambia," akaendelea. "Kila kitu, tena zaidi. Unadhani imejibu?" Alikuwa ameshika tumbo, tumbo lisilokuwepo, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayesubiri matokeo. Nikamkumbatia. Ni kama nilikumbatia mwamvuli uliokunjwa, na bado sikuelewa. Nilichowaza ni kwamba wengine mimba huwakondesha.

Kesho yake alikimbia kama kawaida. Alisema mazoezi ni mazuri kwa mtoto.

Tulikwenda Kayanga wawili, kwenye kliniki ileile, lakini safari hii tulimkuta daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alipima mkojo. Akapima damu. Akamuuliza anakula nini, na Felicitas akajibu kwa ufasaha, mlo kwa mlo, mbio kwa mbio, akikaa wima. Nilipomsikia akitaja yote kwa pamoja, mimi ambaye nimekaa naye miaka yote hiyo, nywele zilinisimama. Hata mbuzi wetu wanakula zaidi.

"Mama, hakuna mimba," daktari akasema. "Na kwa hali hii haiwezi kuwepo. Hicho unachokula kinatosha kusukuma miguu tu. Mengine yote mwili umeyasimamisha, na siku zako ni mojawapo."

Felicitas alitoa kalamu. Kisha akauliza swali la kwao.

"Kwa hiyo nilikosea?"

"Ulizidisha. Huu nao ni ugonjwa, na unatibika. Nitakupeleka kwa mtu wa lishe na mtu wa ushauri, na hizo mbio tuziache kwanza. Ukifika nyumbani leo, kula."

"Kiasi gani?"

"Mpaka ushibe."

"Mtu anajuaje kwamba ameshiba?"

Nilicheka. Halafu nikamtazama, nikaona ameshika kalamu, anasubiri jibu. Daktari hakuwa anacheka. Nikajisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya mtu.

Njiani, tulipopita Omurushaka, akaniambia, "Namba moja ya mazoezi nimepata, wifi. Mtoto sijapata." Nilimshika mkono, nikawa naangalia nje migomba inavyopita.

Mama hakujua tulichoambiwa. Alijua tu tumekwenda kliniki, na kwake hilo lilikuwa uthibitisho. Tulimkuta amechinja jogoo, amelaza majani mapya, na juu ya ebitoke, upande wa Felicitas, ameweka firigisi. Firigisi kwetu ni ya mwanamume mwenye nyumba. Elpidius alikuwa amekaa akiitazama firigisi yake ikiwa mbele ya mkewe, na alikuwa anatabasamu. Ndiyo maana nilitamani ardhi ipasuke.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Leo unakula kwa ajili ya watu wawili."

Felicitas hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu. Kaa."

"Mama, sina mimba."

Mama akabaki ameinua kijiko cha mchuzi. Nikajua anafikiria jumuiya, sala zote zile, na maziwa ya Mama Rwegoshora, na nikajiandaa kumtetea wifi yangu hata kama itabidi nigombane na mama aliyenizaa.

"Sasa kama si mimba," mama akauliza, "una nini?"

Nilifikiri atamweleza habari za homoni. Angeweza, anaeleza vizuri. Lakini alisimama pale na begi lake begani, mwalimu wa taaluma, machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti ndogo:

"Nina njaa."

"Njaa?" Mama akatazama mlangoni, akatazama migomba yote ile iliyojaa hadi barabarani. "Katika kibanja hiki?"

"Ndiyo, mama. Siku nyingi sana."

Mama akaweka kijiko chini. Akasogea, akamvuta mkono, akamkalisha ubavuni pake, si kwenye ule upande wenye firigisi. Felicitas akanyoosha mkono kuelekea lundo, ukafika nusu ya njia, ukasimama hapo. Alijaribu tena. Tulimwona anajaribu, mtu ambaye hatujawahi kumwona akishindwa kitu, na sote tuliacha kula.

Mama akamega tonge dogo, la kumlisha mtoto anayeachishwa ziwa, akalichovya, akalipuliza mpaka likapoa.

"Fungua," akasema.

Na Felicitas akafungua mdomo.