Kisima cha Vijana Watatu

Msitu wangu wa kwanza niliuona ndani ya kompyuta. Mimi ni mzaliwa wa Garissa, na kijani chetu ni ule mstari wa mashamba kando ya mto Tana. Ukishaupa mgongo ni vumbi na miiba mpaka macho yachoke. Sasa pale, katika chumba cha nyuma ya duka la baba, abti wangu alibonyeza kitufe na miti ikajaa kioo kizima, miti iliyoundwa kwa vipande vidogo vya mraba kama jamvi lililosukwa. Katikati ya miti wakatokea vijana watatu, kila mmoja mdogo kama ukucha wangu. Nikashika ukuta. Sijui ukuta ungenisaidia nini, lakini niliushika.

Abti ni mjomba, na huyu alikuwa kaka wa pekee wa mama. Walimpeleka India akasomee uhandisi, akarudi bila cheti, ila na kompyuta iliyofungwa kamba pande zote kama mbuzi wa mnadani. Watu wa mtaa walimuuliza cheti kiko wapi, na yeye akawajibu kwamba anatengeneza mchezo. Jibu hilo halikumsaidia. Kwa watu wetu, mwanamume wa miaka yake ana mifugo, au ana duka, au ana kazi ya serikali, na mchezo ni wa watoto.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vijana watatu wa mazingaombwe. Mmoja aliamuru moto, mwingine upepo, na wa tatu, msichana, aliamuru maji. Nilidai kwamba huyo msichana ni mimi, na abti hakukataa. Walikuwa wakisafiri kumtafuta mwalimu wao aliyepotea ng'ambo ya mlima. Hata katika miaka ile ya tisini ulikuwa na sura ya kizamani. Abti alisema India ameona michezo mipya ambayo watu wake wanafanana na watu kabisa, na haikumvutia. Alipenda ile ya kale, yenye rangi chache na maneno yanayojitokeza kwenye kisanduku chini ya kioo, kwa sababu pale picha inapoishia ndipo akili ya mtazamaji inapoanza kazi. Maneno hayo aliyaandika kwa Kiswahili, lugha yetu ya shuleni na sokoni. Nyumbani tulisema Kisomali, kwa hiyo kwangu mimi watu wa mle ndani walikuwa wageni wa heshima.

Nilikuwa nikitoka shule naenda moja kwa moja kukaa nyuma yake. Alikuwa akiandika mistari ya herufi na tarakimu ambayo haikuwa lugha ya kabila lolote, kisha anabonyeza, na mahali palipokuwa na ukuta panakuwa na mlango. Niliona jambo hilo mara nyingi na sikulizoea. Mpaka leo, mtu akiniambia kwamba hakuna maajabu duniani, namuonea huruma.

Kisha akaja ayeeyo, bibi yangu, mama yake abti. Alitoka Balambala na mzigo mdogo, dalili kwamba hakusudii kukaa. Jioni ya kwanza alisema alichokuja kukisema: yeye amezeeka, ng'ombe hawana mwanamume, wachungaji wa kukodi wanapita na njia zao, na mwanawe atarudi naye. Abti aliinamisha kichwa. Kwetu mtu habishani na mama yake, na mama wa namna ile hata mvua ingefikiria mara mbili kabla ya kumpinga.

Lakini mvua haikufikiria. Ilinyesha wiki hiyo, ikaendelea, na Tana ikavunja kingo. Mashamba yakazama, barabara ya Balambala ikawa ziwa, na ayeeyo aliyekuja kwa siku chache akakwama kwetu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema Waswahili. Sisi jembe hatukuwa nalo, tukamkalisha mbele ya kompyuta.

Alikaa kwanza mbali, karibu na mlango, akaisomea Ayatul Kursi. Kompyuta haikulipuka. Akasogea. Akaniuliza kama wale vijana wanaita majini, kwa sababu kama ni sihiri yeye hatakaa chumba kimoja nayo. Abti akamwambia hapana, mama, ni elimu tu waliyokopeshwa na Mungu. Ayeeyo akafikiri, akasema basi tutaona adabu yao.

Mimi ndiye niliyeshika kibodi. Niliwaingiza vijana wangu katika kijiji, nikafungua mlango wa nyumba ya mfinyanzi, nikawapeleka mpaka kwenye kasha lililokuwa pembeni, nikalifungua, nikachukua fimbo ya moto. Ndivyo michezo hiyo inavyochezwa. Unaingia kila nyumba, unafungua kila kasha, na mwenye nyumba anasimama pale anakutazama.

Ayeeyo aliniuliza kwa nini hawakusalimu. Nikamweleza. Akauliza kasha ni la nani. Nikasema ni la mwenye nyumba. Akainuka, akakaribia kioo, na kwa kuwa alijua watu wa mle ndani ni watu wa Kiswahili, akamsemesha kijana wa moto kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Wewe toto, rudisha hiyo kitu bale ulitoa. Si yako."

Kijana wa moto hakurudisha, maana abti hakuwa amemfundisha kurudisha. Ikabidi tuanze upya kabisa. Tangu siku hiyo, ayeeyo akiwepo, na alikuwepo daima, hakuna kasha lililoguswa. Tulipita nyumba baada ya nyumba mikono mitupu, tukafika mlimani bila fimbo, na barafu ikatuzuia. Sidhani kama kuna watu wengine duniani waliowahi kushindwa mchezo kwa sababu hiyo. Abti alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nimwulize mama yake mgeni huulizwa nini mlangoni.

Nikauliza, na ayeeyo akamwaga. Mgeni hutoa salamu kabla ya kivuli chake kufika. Hukaribishwa maziwa kabla ya kuulizwa shida. Huulizwa mvua ya alikotoka, malisho, amani, halafu ndipo huulizwa ni mtoto wa nani, wa nani, wa nani, na yeye hutaja baba zake mmoja baada ya mwingine mpaka mwenyeji apate pa kumshika. Baada ya hapo akiomba kitu, kumnyima ni aibu ya mwenyeji.

Abti aliiandika yote. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, na dizeli ilipoadimika kwa sababu ya barabara tuliupata saa chache tu za alasiri. Saa hizo hakunyanyua kichwa. Alipomaliza, kila nyumba ilikuwa na sauti. Mfinyanzi alikaribisha, akamimina maziwa, akamuuliza kijana wa moto nasaba yake, na kijana akaitaja, kisha mfinyanzi akafungua kasha kwa mkono wake mwenyewe na kumpa fimbo. Kile kijiji nilikuwa nimekipita mara nyingi nikikipora, na sasa kilikuwa na watu. Ayeeyo alisema tu kwamba maziwa yamechelewa kidogo.

Nilianza kuamini kwamba amemsamehe mwanawe. Utoto ni kitu kizuri.

Maji yalipoanza kushuka ugonjwa ukapanda. Mtu wa ukoo wetu alifika kwa miguu kutoka upande wa Balambala, tope mpaka mapajani, akanywa chai, akaulizwa mvua na malisho kama desturi, na kila alipojibu sauti yake ilipungua. Mwishowe akasema ng'ombe wameisha. Mafuriko yalichukua baadhi, na maradhi yakachukua waliobaki. Ayeeyo alisema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, akajifunika shungi usoni, na siku mbili hakutazama kioo wala chakula.

Siku ya tatu alimwita abti. Nilikuwepo, na maneno yake nayakumbuka:

"Mashine iuzwe, tununue mbuzi, tuanze tena. Ng'ombe wangu wewe umewasahau. Kama ungewakumbuka usingekaa hapa unachora miti."

Abti alisema sawa, mama. Kulikuwa na mwalimu aliyeitamani ile kompyuta, basi mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Abti aliomba jambo moja: wangoje barabara ikauke, ili amalizie mahali pamoja tu. Mama yangu alilia jikoni akisingizia moshi. Mimi nilikasirika na kila mtu, na mvua, na mbuzi ambao hata hawajanunuliwa. Abti akaandika alasiri zote zilizobaki, na safari hii aliniambia nisikae nyuma yake.

Barabara ilipokauka, ayeeyo akafunga mzigo wake. Abti akamwomba akae mara ya mwisho. Akaniita nishike kibodi.

Vijana walikuwa wamevuka mlima. Ng'ambo yake hapakuwa na msitu. Palikuwa na mchanga mwekundu, miiba ya mraba, na kisima chenye hori la udongo kando yake. Nikamsogeza msichana wa maji mpaka kisimani, akatoa salamu, akateka, akamimina. Nikamsikia ayeeyo akisema nyuma yangu kwamba maji yamemwagwa na hakuna wa kuyanywa.

Ndipo wakaja. Walitokea ukingoni mwa kioo, mmoja mmoja. Mweupe mwenye sikio jekundu. Mweusi mwenye tumbo la maziwa. Yule wa kijivu, ubavuni kovu la fisi. Pacha wawili wa rangi ya kutu ambao hawakuachana. Mimi niliwajua baadhi kwa likizo zangu za Balambala. Ayeeyo aliwajua wote. Walikuwa wadogo sana, vipande vichache vya rangi kila mmoja, na walikuwa wao.

Ayeeyo akainua kidole. Alitaka kusema kwamba haiwi hivyo, kwamba kuna mmoja ambaye hunywa kwanza na wenzake humngoja. Kabla hajasema, kundi likasimama. Ng'ombe mzee wa pembe moja, anayechechemea mguu wa nyuma, akapita katikati yao polepole mpaka kwenye hori, akainamisha kichwa. Wengine wakangoja.

Kidole cha ayeeyo kilibaki hewani. Kisha akaanza kuimba. Ulikuwa ule wimbo wa kunyweshea, ambao kina mama wetu huimba kisimani tu na mimi sikuwahi kuusikia ndani ya nyumba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikutetemeka. Niliteka maji, nikamimina, nikateka tena, nikifuata wimbo, na nilihisi uzito wa ndoo mikononi, naapa, ingawa nilichoshika kilikuwa kibodi. Abti alikuwa amegeukia ukuta. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho, na nimeona bahari na miji na miujiza ya mashine zilizofuata.

Wa mwisho alipokunywa, aliacha kuimba. Akaniuliza kama wote wameshiba. Nikamwambia wote, ayeeyo. Akachukua mzigo wake, akaenda mpaka mlangoni, akasimama bila kugeuka.

"Usiiuze," alimwambia mwanawe. "Ukiiuza, hawa watakunywa wapi?"