Programu ilivyomrudishia Mwalimu swali lake mbele ya wazazi, sebuleni kwangu mtaa wa Section 58

Wakuu, sasa. Hii ni yangu mwenyewe, sikuiokota kwa mtu, na anayenijua hapa Nakuru anisute nikidanganya.

Nimerudi kutoka Qatar juzi juzi. Diploma yangu ya umeme nilijilipia, na software za hesabu nilijifunza huko huko baada ya shift, wenzangu wakicheza karata. Hakuna aliyenishika mkono.

Basi nikafungua darasa kwa sebule yangu: algebra kwa laptop, kwa vijana waliomaliza Form Four.

Wazazi wakaja Jumamosi kuangalia. Lakini macho yote yalikuwa kwa Mwalimu Chebet, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu na sasa analima viazi Molo. Alikuwa anamtafutia mjukuu wake nafasi. Akikubali, wote wanaandikisha. Akitoka, nabaki na viti vya plastiki.

Nikawaambia programu hii inafactorise chochote kabla hujameza chai.

Mwalimu akanipa hii:

ax + ay + bx + by + 7

Nikaandika factor, nikabonyeza Enter. Screen ikaleta:

ax + ay + bx + by + 7

Mathe mmoja, mama wa kijana, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Kijana, mashine yako imenirudishia swali langu," Mwalimu akasema. "Hata wanafunzi wangu wavivu walikuwa wanabadilisha mwandiko."

Mtu wa kawaida angesingizia laptop. Mimi nikaangalia hesabu yenyewe.

(Kwa waliokimbia hesabu: factor inataka kitu kizima kigeuke kuwa mabano yanayozidishana. Hiyo 7 haina undugu na wengine, kwa hivyo programu inaacha yote yalivyo. Haijakosea.)

Nikaitoa 7, nikafactorise zilizobaki. Ikaja (a + b)(x + y). Wazazi wakapiga makofi.

Mwalimu hakupiga. "Na saba yangu umeiweka mfukoni?"

"Iko njiani, Mwalimu."

Nikairudisha: (a + b)(x + y) + 7.

Akavaa miwani, akafungua mabano kwa kidole hewani, akinong'ona herufi moja moja. Mwishowe akasema, "Mwisho wake ni hapo. Ungelazimisha saba iingie ndani, ningekufukuza kwa nyumba yako mwenyewe."

Kisha akauliza mjukuu aje saa ngapi. Yule mathe akaweka mkoba chini.

Funzo, wakuu: programu ikigoma kwa kitu kizima, usiitukane. Ionyeshe sehemu inayokubali, ifanye hiyo, halafu rudisha ulichotoa. Kurudisha ndiko watu husahau. Kuna collect pia, inayokusanya kwa herufi unayoitaja, lakini hapa ingeniachia kazi nusu.

Darasa limejaa, watu wa Naivasha na Mai Mahiu mtangoja kidogo.

Mwenye swali gumu kuliko la Mwalimu aliweke hapa chini. Na mwenye njia fupi kuliko yangu aseme pia, ingawa nina mashaka.