Mkono wa Mgeni Kichwani mwa Mama

Mama hakumwachia mtu kichwa chake. Tangu nijitambue, nywele zake zilisukwa na dada yangu tu, nyuma ya jiko, na kila unywele uliobaki kwenye kichana uliokotwa ukatupwa motoni. Nilipokuwa mdogo nilimcheka. Akaniambia kwamba anayeshika unywele wako amekushika wewe mwenyewe, atakufanya anavyotaka, na kwamba nisimcheke mtu aliyekula chumvi nyingi kuliko mimi. Mama hakuamini watu asiowajua. Hata baadhi ya wale aliowajua hakuwaamini.

Ndiyo maana alipougua nikamleta Kisangani kutoka Ubundu, juu ya pikipiki kwa kuwa treni huwezi kujua siku yake, amebanwa katikati yangu na dereva, nilijua shida yetu haitakuwa dawa tu. Itakuwa wodi. Vitanda vimesongamana, na kila mgonjwa ana jamaa wa kumpikia, kumfulia na kumgeuza. Mimi kazi yangu ni kupakua mizigo pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Mikono yangu inajua masanduku. Dada yangu alikuwa Kindu na mtoto mchanga. Basi muuguzaji wa mama nikawa mimi, na wanawake wa wodi ile wakawa wananitazama kama mbuzi aliyeingia msikitini.

Kitanda cha jirani alilala bikizee mmoja, na mkwewe ndiye aliyemuuguza: mama wa makamo, Mkatoliki, rozari shingoni, muuza vitambaa aliyetoka Kivu ya Kaskazini. Kila asubuhi alitusalimu. Mama alininong'oneza kwamba watu wa biashara hawatoi kitu bure, mkono mtupu haulambwi. Nilikubaliana naye kabisa. Yule mama alipotuletea chai, mama alitikisa kichwa. Muuza vitambaa hakukasirika. Alimimina kikombe, akakinywa mbele yetu, akaiacha chupa ya chai juu ya kigoda chetu, akaenda kufua. Mama aliitazama chupa ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nasikia harufu ya tangawizi.

Kilichomtesa zaidi ni kichwa. Chini ya kitambaa nywele zilikuwa zimeshikana mafundo, na nyuma ya sikio la kushoto kilitoka kidonda. Alijikuna, akalia kimya kimya. Nilijaribu kumchana, akaniambia nirudi kwenye masanduku yangu. Mchana mmoja muuza vitambaa akasimama miguuni pa kitanda chetu.

"Mama, kichwa iko nakusumbua. Acha nikusuke. Ukiona vibaya, utaniambia niache."

Mama akamuuliza anataka nini.

"Hakuna kitu. Mama yangu alikufa, miye siko karibu."

Mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu: akafungua kitambaa chake mwenyewe. Lakini alinikalisha sakafuni, kwa macho tu, na nikaelewa kazi yangu ni kulinda mikono ya yule mwanamke. Yeye akatundika kitenge kuzunguka kitanda, akaanza. Nilikaza macho kama askari. Kabla sijaanza kuokota, nikaona anatoa kila unywele kwenye kichana na kuuweka mapajani pake. Alipomaliza alipapasa shuka, akainama akatazama sakafu, akafunga zote kwenye karatasi, akamtilia mama mkononi. Hakuna aliyemwagiza.

"Hizi ni zako," alisema. "Hata kwetu hatuachake nywele ovyo."

Mama akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu Ubundu. Kikaratasi alinipa mimi nikiweke mfukoni mpaka tutakaporudi nyumbani. Atazichoma mwenyewe, kwenye jiko lake. Kisha akalala bila kujikuna.

Jiko lake hakulifikia. Wiki ile haikwisha. Alikata roho asubuhi, mimi nikiwa nje nampashia uji.

Nilimkasirikia kila mtu: daktari, barabara, treni, hata ule uji. Hasira ilipoisha ikaja hofu. Mama alipaswa kuoshwa na wanawake, na mimi sikuwa na mwanamke hata mmoja. Dada yangu alikuwa akilia kwenye simu, Kindu, asiweze kufika. Nikaenda kwenye msikiti wa mtaani kwetu, ambako huwa naswali Ijumaa na kuondoka upesi, nikamwambia imamu kwamba nina maiti ya mama na sina wa kumwosha. Tulipomfikisha uani kwangu, wanawake wazee nisiowajua walikuwa wameshafika na ndoo, pamba na sabuni. Walitundika vitenge, wakaingia naye ndani, mimi nikabaki nje. Nilitaka kuwafukuza. Nilitaka pia kuwapigia magoti. Nilikuwa nimemleta mama kwenye kile kile alichokiogopa maisha yake yote: amelala, hawezi kusema, yuko mikononi mwa watu asiowajua.

Ndipo akaja muuza vitambaa. Alikuwa ameacha mtu wa kumwangalia mkwewe pale wodini. Alijua dini ile si yake, hakujaribu kuingia. Alisimama karibu yangu, akaielekea mikono asiyoiona, akasema kwa sauti ya kuomba:

"Bamama, nyuma ya sikio ya kushoto iko kidonda. Musivute pale. Inamuumaka sana."

Maji yakanyamaza. Nilingoja mmoja wao aseme kwamba maiti haumwi. Aliyejibu alikuwa mkubwa wao.

"Tumesikia, mwanangu. Tutaenda polepole."

Na nilisikia kweli wanakwenda polepole. Nililia pale, nimeshika ukingo wa ndoo, na yule mama akalia pamoja nami.

Baadaye yule bibi akatoka, mikono bado ina maji. Akaniambia wamemsuka mikia mitatu kama inavyopasa, na nywele zilizotoka wamezitia naye ndani ya sanda, ili kisibaki kitu chake nje. Alisema hivyo kunifariji. Mimi nikatia mkono mfukoni.

Kikaratasi kile ndicho nilichokuwa nacho. Kilinuka mafuta yake. Nilitamani kubakiza unywele mmoja, mmoja tu, nani angejua? Lakini mama alikuwa ameshasema neno lake juu ya anayeshika unywele wa mtu. Nikakitoa kizima. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, hakuuliza, akarudi nyuma ya vitenge.

Mpaka leo, nikiwa Bangboka katikati ya masanduku, mkono hunienda wenyewe mfukoni kuhakikisha kama bado kipo. Mfuko ni mtupu, kama alivyotaka.